Bobini ya Papa Iko Wapi, Yaya Michel?

Mangobo, Kisangani
Tarehe 9 Machi 2024

Mpendwa Yaya Michel, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na bibi yako Félicité na watoto wote huko Kalemie. Mumeamkaje? Kile kikohozi chako kimepoa? Ziwa linawapa samaki? Sisi huku tunapumua, jua tu ndilo linatuchoma, na umeme wa Tshopo unakuja na kuondoka unavyotaka.

Mama yuko hapa kwangu, amelala kwenye kitanda changu, mguu umefungwa plasta. Ameomba nikwambie kwamba hajambo. Nimekwambia. Sasa nisikilize mimi, maana nimekasirika, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni yako.

Unakumbuka ulivyonijibu kwa simu mwezi wa kwanza. Nilikueleza kwamba kamioneti ya papa inawaka vizuri asubuhi, lakini motere ikishapata moto inazimika njiani, inakataa mpaka ipoe. Ukacheka. Ukasema, "Nathalie, mambo ya motere achia wanaume. Umuachie Nephtali aichukue, atatafuta vipande vyake." Mimi niliyeiendesha tangu papa afe, nikileta mihogo na mawese kutoka Yangambi, ukanitoa ndani ya gari langu kwa maneno mawili.

Na Nephtali, mtoto wa baba mdogo, aliyekula mezani kwetu utoto wote! Mwaka jana nilimpelekea kamioneti kwenye garage yake abadilishe mafuta tu, na shida ilianza baada ya hapo; baada ya simu yako nikairudisha kwake mara nyingi. Akabadilisha betri. Akabadilisha starta. Akabadilisha buji, zile za kutoa cheche. Kila mara inatoka, inatembea kidogo, inakufa. Mwishowe akaenda kuambia familia yote kwamba nimeua motere kwa kuendesha vibaya, kwamba ni chuma tu sasa, yeye anaweza kutusaidia kuiondoa. Nawe ukamwamini bila kuniuliza hata neno, ukarudia maneno yake kwa simu kwa kila mtu.

Bon. Wiki mbili zilizopita Mama alianguka kule nyumbani Yangambi, akiteka maji. Mguu ukavimba. Muganga wa kituo cha afya cha huko akasema mfupa umevunjika, apelekwe Kisangani haraka. Mtumbwi wa motere haukuwepo siku ile. Nani mwenye gari? Mimi, na lile chuma lenu; nilitoka huku alfajiri kwa baridi, nikafika.

Tulimlaza Mama nyuma kwenye godoro, tukamfunikia turubai. Jirani yake Aïcha, yule muuza vikwembe, vitambaa vya wanawake kujifunga, akapanda naye ili amshikilie mguu. Tulitoka vizuri. Kabla ya kufika bac, kile kivuko cha mto Lindi, katikati ya msitu, jua la saa sita likiwa kichwani, motere ikakohoa, ikanyamaza. Mama alikuwa analia kimya kimya, Michel. Unamjua Mama, halii mbele ya watu. Na bac ikisharudi ng'ambo jioni, hakuna wa kuivusha tena mpaka asubuhi.

Nilikaa kwenye usukani, nikasikia sauti yako kwenye masikio: achia wanaume. Wanaume gani, pale msituni? Nikateremka, nikafungua boneti.

Nilianza kwa kufikiri. Starta ilikuwa inazungusha motere kwa nguvu, donc betri nzima, ile ya zamani labda pia ilikuwa nzima. Petroli ilikuwa inanuka kwenye kabireta, donc inafika. Kilichobaki ni moto wa kuiwasha. Nikachomoa waya wa buji moja, nikatia ndani yake buji ya akiba, nikailaza juu ya chuma cha motere. Nikamwita Aïcha.

"Mama Aïcha, uzungushe ufunguo."

"Mimi? Sijawahi kugusa gari!"

"Zungusha tu, kama unafungua kabati."

Akazungusha. Ile buji haikutoa hata cheche moja. Nikajaribu waya mnene unaotoka kwenye bobini yenyewe, kile kikopo kinachoongeza nguvu ya umeme kabla haujagawanywa kwenye buji. Nikaushika kwa kitambaa kikavu karibu na chuma. Kitu hakuna. Basi nikajua shida haiko kwenye buji wala mahali pa kugawia umeme. Nikaweka kidole kwenye bobini, nikakitoa nikipiga kelele. Ilikuwa moto kama sufuria ya pondu jikoni!

Aïcha alifungua kikwembe kipya cha kuuza, bila mimi kumwomba, akakichovya kwenye maji yetu ya kunywa. "Shika, Nathalie. Mama yako iko anaumia." Nikaizungushia bobini, nikikwepa kichwa chake penye waya. Tukangoja. Tukaongeza maji. Nikajaribu tena, na cheche ya buluu ikaruka: tac! Nilikaribia kulia. Motere ikawaka.

Tulisimama hivyo njia nzima, kulowesha, kwenda, kulowesha tena. Tulifika kwenye bac watu wakishafungua kamba, Aïcha akatoa nusu ya mwili dirishani, akawapigia kelele mpaka wakarudi. Mama alifika hospitali usiku umeingia. Daktari alisema angefika mapema asingepata maumivu yale. Nenda ukalale na neno hilo.

Asubuhi nilifungua ile bobini kabisa. Nikaifuta, nikasoma kilichoandikwa ubavuni kwa Kifaransa: itumike pamoja na résistance. Yaani hii inataka umeme upunguzwe kwanza na kipande kingine kidogo. Kwenye gari letu kipande hicho hakipo, hakikuwahi kuwepo, kwa sababu bobini ya papa haikukihitaji. Hii ilikuwa inapokea umeme wote wa betri, inapikika mpaka inakufa, ikipoa inafufuka. Na haikuwa ya papa, Yaya. Ile ya papa aliipaka rangi nyekundu shingoni, wewe mwenyewe ulimshikia kopo la rangi.

Nikaenda garage. Wateja walikuwepo. Sikusalimia. Nikafungua boneti ya taksi ya Nephtali mwenyewe, na bobini yenye shingo nyekundu ilikuwa inanitazama.

"Cousine, alors, unaniaibisha mbele ya watu?" akasema. "Niliazima tu. Yangu ilikuwa imekufa."

"Uliazima kwa nani? Papa iko kaburini. Na Mama iko hospitali, mguu kama mti."

"Sikujua Mama atapanda..."

"Toa."

Aliitoa kwa mikono yake, mbele ya wateja wake wote. Niliifunga mwenyewe palepale, yeye akiangalia. Tangu siku hiyo nimeenda Yangambi na kurudi juani mchana bila kuzimika hata mara moja.

Sasa natafuta kitu kimoja kwako. Uliambia familia yote kwa simu kwamba mimi nimeharibu gari la papa. Uwapigie wote tena, mmoja mmoja, uwaambie ukweli. Usinitume mimi. Halafu umpigie Mama. Amekuwa akikutetea tangu afike, anasema ulidanganywa. Mimi namjibu kwamba anayedanganywa ni yule aliyeuliza kwanza, na wewe hukuuliza.

Msalimie Félicité sana, na watoto. Aïcha anakusalimia, kikwembe chake kiliungua, nami nimempa changu cha sikukuu. Nephtali sina salamu zake. Mungu akulinde na barabara mbaya, akupe moyo wa kusikiliza.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na bado sijakusamehe,

Nathalie