Kufuli Lina Jina Lako

Da Kadzo,

Tulikuzika Jilore Jumamosi, nawe bado uko kazini. Si maneno yangu, ni ya kompyuta. Kila nikitoa amri inanijibu: subiri, Kadzo anafanya kazi.

Unakumbuka ulivyonifunza? Mitambo yetu ya kompyuta iko mbali, ya kukodi, hatujapata kuiona kwa macho. Tunaandika kwenye faili tunataka iweje, tunatoa amri moja, programu inalinganisha faili na vilivyopo na kurekebisha penye kasoro. Na mmoja wetu akiwa ndani, mlango unafungwa kwa kufuli lenye jina lake, tusije tukavurugiana. Basi mimi nikikupigia hodi kutoka mezani pangu, nawe, mdomo umejaa mahamri, waitika: "Ngoja weye, sijatoka!" Ukimaliza: "Haya, karibu."

Siku ile ulishika kichwa, ukasema unakwenda kumeza dawa, unarudi sasa hivi. Amri yako ikakatikia njiani, kufuli likabaki. Hukurudi.

Sasa mtambo wa kutuma ujumbe umejaa, nami siwezi kuuongezea nafasi mlango ukiwa umefungwa. Ujumbe wa kuwaambia watu wa Ganze bomba lipi lina maji leo hauendi. Jana matangani shangazi yako alinisimulia alivyotembea na madumu yake mpaka bombani akakuta pakavu. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Kufuli naweza kulivunja, ni amri fupi tu. Lakini sijui uliishia wapi. Huenda nikabomoa ulichokuwa ukijenga, na wa kumuuliza ni wewe. Tena nikilivunja, jina lako litatoka pale, na hapatakuwa tena na mahali duniani panaposema uko kazini. Nimekaa hapa tangu asubuhi, vidole haviendi. Naona haya, Da Kadzo. Watu wana kiu, nami nimekaa nalinda jina.

Tumelelewa hivi: ukibisha hodi mara tatu usijibiwe, unarudi ulikotoka. Leo siwezi kurudi. Nisamehe.

Nakuahidi nitasoma kila mstari uliouandika kabla sijagusa kitu. Na nikitoka, nitauacha mlango wazi kwa atakayekuja nyuma yangu. Lala salama, dada yangu.

Ni mimi, Rehema.

Hodi.

Hodi.

Hodi, Da Kadzo. Naingia.