Saa Mpya ya Sebuleni

Jumapili, mtaani Jamhuri

Vidole bado vinanuka mbao iliyoungua, na sijali. Saa yangu iko ukutani.

Jana fundi wa leza, ile mashine inayokata mbao kwa kuchoma, pale Dagoretti Corner alinikatia uso wa saa, duara la maua ya jakaranda, kwa kipande cha plaiwudi alichotaka kutupa. Mashine ya saa sikununua. Leo, Mama alipobaki kanisani kwa mkutano wa akina mama, nilifungua saa yake kuukuu ya plastiki nikatoa mashine yake. Kumbe mbao ni nene, na ile pini ya kushikia mishale haitokezi mbele! Nikachonga nyuma kwa patasi, nikiomba isipasuke. Saa ya Mama nilikuwa nimeshaiua, na hii ikikataa...

Haikukataa. Nikaiweka sawa na simu.

Mama alirudi, akaitazama.

"Imependeza," akasema. "Lakini iko nyuma."

"Iko sawa, Mum. Angalia simu."

"Simu imewahi kumfikisha nani kanisani mapema?"

Akaishusha, akaisogeza mbele robo saa, kama ilivyokuwa ile ya zamani miaka yote, ndio tusichelewe. Nikaudhika kidogo.

Halafu akaokota lile ganda la plastiki la saa yake ya zamani, akalitupa mwenyewe.