Pua ya Babu Yako

Mjukuu wangu Koleta,

Hapa Mgeta hatujambo, na mama yako anavuna karoti. Unauliza kama nashangaa kwamba huko chuoni mnatafuta undugu wa mbawakawa kwa kitu wanachorithi kwa mama tu, pembe mnaziacha. Sishangai.

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa nchini, marehemu babu yako alikuja kutoka Bigwa kunichumbia. Mjomba wangu hakuuliza hata ukoo wa mama yake, ingawa sisi Waluguru huhesabu ukoo kwa mama. Alimtazama tu, akakataa.

"Pua hii ni ya kwetu. Huyu ni ndugu yako."

Nikalia. Mtaalamu wa wadudu aliyepanga kwetu akatufunulia kopo lake la mbawakawa.

"Mzee, hawa wana pembe sawa, lakini si ndugu. Mimi huuliza upande wa mama."

"Kumbe mdudu naye Mluguru," mjomba akasema, akamgeukia babu yako. "Haya, bwana pua, mama yako ukoo gani?"

Ukawa mwingine, tukaoana.

Juzi kwenye arobaini yake, mgeni mmoja alitazama pua yangu, akanipa pole ya kufiwa na kaka.

Pua ile haihesabiwi kwenye ukoo wetu, lakini wewe unayo. Nitumie picha, uwe umegeuka upande.

Bibi yako