Mlango wa Choo Msiufunge

Kaka Shuaib na wifi Ummu,

Nimekwenda Mtangawanda kuwahi boti ya Amu. Samaki yuko jikoni, nimemfunika. Mlango wa choo msiufunge. Nimeuegemezea kinu usijifunge, na kutundika leso iwe pazia.

Asubuhi mlipokwisha toka, jirani yetu Bwana Ridhwani alikuja kuazima msumeno, akakaa barazani. Bibi alikuwa chooni, akafunga mlango. Mgeni akaondoka, nikafagia, nikaosha vyombo, Bibi hatoki. Nilipofungua nilimkuta amepiga magoti, ameuzungusha mtandio wake kwenye ile hendeli ya mviringo, anauvuta kwa meno. Mkono uliopooza hauwezi kuizungusha, na ule mzima unateleza.

Nikamuuliza mbona hakuniita. Akasema, "Mwanamume yuko barazani, mwanangu, nipige kelele chooni?"

Tangu Kaka uweke hendeli hiyo tunamcheka kwamba uzee umemwondolea haya, haja zake anafanya mlango wazi. Kumbe aliogopa kufungiwa.

Naleta hendeli ile ya mkono mrefu, ya kushusha chini. Nitaijaribu kwa kiwiko dukani, hata wakinicheka. Kaka, tafuta bisibisi. Hiyo yako inayong'aa kama ya hoteli za Manda, weka chumbani kwenu.

~~Muombeni Bibi radhi.~~ Msimwambie lolote, atazidi kuona haya. Tukishaibadilisha, ondokeni hapo uani, mwacheni aufunge mlango mwenyewe.

Mdogo wenu,
Hadil