Barua Niliyomwandikia Mchumba wa Mueni

Mpendwa Ndinda,

Nakusalimu kutoka Entarara. Vitunguu vimefanya vizuri, lakini tangu mama yako ahamie Kitengela nyumba imekuwa kimya sana. Tumebaki mimi na dada yangu Mueni, na yeye si mtu wa maneno.

Unauliza kama wewe na mumeo Mutua mnaweza kuzaa, na wewe unakunywa dawa za akili. Mimi si wa kuulizwa hilo, na nitakuambia kwa nini.

Mueni alianza kusikia sauti akiwa msichana. Alipopata nafuu, kijana wa Kimana akaja kumposa. Wazee wakakaa, wakasema mgonjwa haolewi, atazaa shida. Kwa vile mimi ndiye nilikuwa nimesoma, nikapewa kalamu niandike barua ya kumkataa. Mueni akaniletea chai pale mezani, akauliza naandikia nani. Nikamwambia ni mambo ya shamba. Yule kijana hakurudi tena.

Kwa hivyo usiniombe nikuamulie. Kaa na Mutua, muongee na daktari kabla hujaacha au kubadilisha dawa zako, halafu mseme wenyewe mnataka nini. Mkitaka mtoto, nitakuja kumshika ili wewe ulale. Msipotaka, nitakuja tu tunywe chai.

Barua yako ilipofika, nilimuuliza Mueni, kwa mara ya kwanza, kama wakati ule alitaka watoto. Alikuwa anachagua maharagwe. Hakuinua kichwa.

"Wawili," akasema.

Nyanya yako, Susu