Ringi ya Pistoni

Lushoto, 9 Juni

Mdogo wangu Anord,

Bwana Yesu asifiwe. Hamjambo hapo Mazinde? Mguu wa shemeji Evelina unaendeleaje? Mimi baridi tu inanisumbua, ila gunia la pistoni bado nabeba peke yangu na vijana wanashangaa. Barua hii nimeandika kwa mkono wangu, ingawa darasa la tatu niliachia njiani.

Kazi ya kusubu masufuria, kuyeyusha pistoni kuukuu na kumimina kwenye kalibu, ipo. Toka Mombo mpaka huku juu hakuna anayenifikia. Sasa mjukuu wangu Loveness, yule mwalimu wa fizikia, alikuja likizo akasema huenda alumini yangu ina vyuma. Nikamwambia nimeyeyusha toka mama yake hajaota meno. Akauliza kwani babu anaona mpaka chini ya ule uji wa moto.

Akazungushia chungu cha udongo ninachoyeyushia nyaya mbili za shaba, za mota iliyoungua. Wa kwanza anaupitishia umeme, unazaa sumaku inayopenya mpaka ndani ya alumini iliyoyeyuka. Wa pili unasikiliza, kaufunga kwenye redio yangu. Alumini ikiwa tupu, redio inavuma sauti moja. Chuma kikiwemo, sauti inabadilika. Nikamwambia redio hiyo hata taarifa ya habari haikamati vizuri.

Nikataka kumkomesha. Nikachukua vipande vya sufuria ya shemeji, ile iliyopasuka maharage yakamuunguza, nikaviyeyusha vyenyewe. Redio ikapandisha sauti. Nikasema imeharibika. Tukarudia mara tatu. Mwisho nikakoroga chini kwa upawa, nikatoa kipande cha ringi ya pistoni, chuma kitupu, urefu wa kidole.

Anord, ringi hutolewa kabla pistoni haijaingia motoni. Siku niliyosubu sufuria yake nilikuwa nawahi soko, sikuzitoa. Na nilijua, ila nilijidanganya kwamba zilibaki chini ya chungu. Nilijua hata nilipokaa mbele ya ukoo nikasema shemeji alimwaga maji baridi kwenye sufuria ya moto. Alilia. Tangu hapo hajakanyaga kwangu.

Sufuria haitoki tena hapa bila kupita kwenye waya. Na Jumamosi nashuka. Waite wale wale waliokuwepo, hata Kristian na mdomo wake. Nitasema ukweli nimesimama. Shemeji akikataa kunisikiliza, nitakaa barazani kwenu mpaka akubali, na unajua sichoki upesi.

Msalimie yeye kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote. Mungu awalinde.

Ni mimi kaka yako,
Timotheo