Nilitaka Kulipiza kwa Mdogo Wake

Jumatano. Mawingu tangu asubuhi, mvua hainyeshi, joto limenikaa kifuani. Hasira zangu leo zina siku ya sita.

Alhamisi iliyopita nilikuwa Kariakoo, nje ya duka moja la vitenge, naongea na wanawake wanaopanga bidhaa pale chini kuhusu uzazi wa mpango. Ndiyo kazi yangu, mhudumu wa afya wa mtaa. Mwenye duka, Mashaka, akatoka, akaninyang'anya begi, akalimwaga barabarani. Vidonge, kondomu, kadi za watu zenye majina yao, mikokoteni inapita juu yavyo.

"Huyu ndiye anayefunga vizazi vya dada zenu!"

Watu wakacheka. Nikapiga magoti kuokota huku mtu ananirekodi na simu.

Tangu siku hiyo nikimaliza kuswali nainua mikono namwombea hasara. Naandika ukweli.

Leo saa nne nilikuwa zahanati, hapa Ilala, nawapokea kina mama. Akaingia Saida, mdogo wake Mashaka wa tumbo moja. Yeye na mumewe wanaishi chumba cha uani kwa huyo kaka.

"Shikamoo dada Tatu. Kaka hajui kama nimekuja. Siku ile nilikuwepo dukani. Niliona aibu."

"Marahaba," nikasema, na moyo ukaruka. Si kwa huruma.

Mtu wa nyumbani kwake, mikononi mwangu!

Saida alitaka vidonge. Mtoto ana miezi minane. Apumzike kidogo, mwakani atafute wa pili. Nilimsikia vizuri, nikajifanya sikusikia.

"Weka kijiti mkononi," nikamwambia. "Miaka mitano husumbuki." Akasema anaogopa. Nikambana. Nikamwambia vidonge atasahau, kaka yake atavikuta, patachimbika. Nilikuwa namtisha, na kichwani namwona Mashaka anasubiri wapwa zake wazaliwe, anasubiri, hawaji.

Saida akanyoosha mkono juu ya meza, akafumba macho.

Nesi Anna, aliyekuwa akiandaa kijiti pembeni, akaweka pamba chini. "Tatu, huyu amesema anataka nini?"

Nesi akamgeukia Saida.

"Mdogo wangu, sema mwenyewe."

"Vidonge," Saida akasema, akaanza kulia.

Nikatoka nje, nikasimama nyuma ya tangi la maji. Mashaka anawaambia watu kwamba nawafunga dada zao. Leo kidogo nimfanye awe mkweli.

Niliporudi, nesi alikuwa ameshampima na kumchagulia vidonge vya mama anayenyonyesha. Nikakaa karibu yake. "Nisamehe. Nilikuwa nagombana na kaka yako, wewe huna kosa." Akafuta machozi na upande wa khanga. Nikamwelekeza namna ya kuvimeza, mara mbili, mpaka akarudia mwenyewe bila kukosea.

Mlangoni akageuka. "Wifi naye anauliza unapatikana siku gani."

Wifi yake. Mke wa Mashaka.

Nimetabasamu vibaya, nakiri. Hata sasa naandika bado ninalo lile tabasamu.

Mashaka simsamehi. Si leo, wala sijui lini. Lakini mkewe akikaa kwenye benchi la zahanati, nitaweza kumsikiliza yeye mpaka amalize, bila kumwona mumewe usoni mwake?